Hisa za kukopa na opsheni: mambo ya kujua kabla ya kuleta malalamiko

"Papa, munirudishie makuta (pesa) yangu." Maneno hayo tunayasikia sana siku hizi kwenye dawati la malalamiko ya wateja wa benki hapa Lubumbashi. Mara nyingi ni kijana aliyetuma dola kwa simu ili aingie kwenye hisa fulani ya Marekani ambayo bei yake haitulii. Tunampokea na kumsikiliza. Ila mengi ya malalamiko hayo si ya wizi: mtu ameshindwa katika mkataba ambao hakuuelewa, na kwa hilo hakuna benki inayoweza kumrudishia chochote.

Nieleze kwa unga. Mama wa soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, anaazima mifuko 20 kwenye depo, anaiuza siku hiyohiyo kwa dola 20 kila mmoja. Ana dola 400 mkononi na deni la mifuko 20. Deni lake ni unga, si pesa. Mavuno yakifika na bei ikishuka hadi dola 15, atanunua kwa 300, atarudisha mifuko na kubaki na 100. Huko ndiko kuuza hisa za kukopa. Sasa malori yakwame Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mfuko ufike dola 45, na mwenye depo adai unga wake. Mama atatoa dola 900: hasara ya 500, kwa mtu aliyepokea 400. Faida yake isingezidi 400 hata kama unga ungegawiwa bure, lakini hasara haina mwisho. Na kama walioazima ni wengi, wote watakimbilia mifuko michache iliyobaki, na mbio zao zenyewe zitapandisha bei.

Ndivyo ilivyokuwa kwa GameStop, kampuni ya Marekani ya maduka ya michezo ya video. Hisa zilizouzwa kwa kukopwa zilizidi hata zile zilizokuwa mikononi mwa umma, kwa kuwa aliyenunua hisa ya kukopa naye anaweza kuikopesha tena. Mwanzoni mwa Januari 2021 bei ilikuwa chini ya dola 20. Tarehe 28 ya mwezi huo iligusa dola 483. Mfuko wa uwekezaji wa Melvin Capital, uliokuwa umeuza hisa za kukopa, ulipoteza asilimia 53 ndani ya mwezi huo, na mwaka uliofuata ukafunga kazi. Wiki moja baada ya kilele, bei ilikuwa imerudi karibu na dola 50, na walionunua juu walibaki hukohuko juu.

Hapa huwa nabishiwa: "Grafu inaonyesha 120, si 483." Julai 2022 kila hisa moja iligawanywa kuwa nne, na bei za zamani kwenye grafu zikarekebishwa. Asiyejua hilo asiikope hisa hiyo, tafadhali.

Opsheni ni kama arubuni. Unalipa kidogo leo upate haki ya kununua, au kuuza, kwa bei iliyokubaliwa kabla ya siku fulani. Nchini Marekani mkataba mmoja kwa kawaida ni wa hisa 100, kwa hiyo arubuni iliyoandikwa dola 2 ni dola 200. Siku ikipita bila bei kufika, arubuni imekwenda. Tena soko likichafuka arubuni yenyewe hupanda, na likitulia hushuka, ndiyo maana mtu huona hisa imepanda na bado opsheni yake imeshuka. Watu husema huwezi kupoteza zaidi ya ulichoweka. Ni kweli kwa mnunuzi. Anayeuza opsheni ya kununua bila kuwa na hisa zenyewe yuko palepale alipo yule mama wa unga.

Jambo ni jingine kabisa ikiwa pesa alipewa mtu aliyeahidi faida ya kila wiki, kisha akazima simu. Sheria Na. 22/069 ya tarehe 27 Desemba 2022 hairuhusu kukusanya akiba za umma bila kibali cha Benki Kuu ya Kongo. Utapeli unaadhibiwa na kifungu cha 98 cha Kanuni ya Adhabu: kifungo cha miezi 3 hadi miaka 5 na faini, au mojawapo tu. Siku hiyohiyo ipigie simu kampuni ya simu, ukiwa na namba ya muamala, uombe salio lizuiwe kama bado lipo. Andika barua ya malalamiko nakala mbili, moja ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Ambatanisha nakala ya kadi ya mpiga kura na picha za mazungumzo. Kiasi kiandikwe kwa fedha uliyotuma, dola au franka. Jina lililotokea wakati wa kutuma likiwa tofauti na la uliyeongea naye, andika yote mawili. Kisha peleka mashtaka kwa OPJ (afisa wa polisi wa upelelezi) au parke (ofisi ya mwendesha mashtaka). Usifute ujumbe kwa aibu. Aibu hiyo imetupotezea ushahidi mwingi, na inaniuma kila mara.

Aliyepoteza kwa opsheni iliyokwisha muda naye aje na mkataba wake. Tutausoma naye mstari kwa mstari, kwa maana mara nyingi bado ana mwingine ulio wazi, na huo unaweza kufungwa kabla dhamana, yaani pesa aliyoweka kufunika hasara, haijaisha.