Mkataba au ajira ya kudumu kwa mtaalamu wa TEHAMA: dhana potofu na ukweli wake

Kijana anayemaliza chuo akiwa na ujuzi wa kuandika programu, kusimamia hifadhidata au kulinda mifumo hukutana mapema na swali la aina ya kazi atakayoikubali. Benki na kampuni za simu hutangaza nafasi za kudumu, miradi ya wafadhili na kampuni changa hutoa mikataba ya mwaka mmoja au miwili, na wateja wa ng'ambo hutaka mtu wa kuwaletea kazi na ankara tu. Ushauri anaoupata kwa wazazi na wenzake mara nyingi husimama juu ya mambo ambayo sheria haisemi na hesabu ambazo hazijapigwa. Makala haya yanahusu hasa Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na yanagusa Kenya na kwingineko pale tu ambapo kuna la kujifunza.

Dhana: Mwenye mkataba hana ulinzi wowote

Kosa kubwa hapa ni kuviita vitu viwili kwa jina moja. Kuna mwajiriwa mwenye mkataba wa muda maalumu, na kuna mtoa huduma ambaye si mwajiriwa kabisa. Kifungu cha 14 cha sheria hiyo kinautambua mkataba wa muda usiojulikana, ambao ndio watu huuita ajira ya kudumu, mkataba wa muda maalumu na mkataba wa kazi maalumu, na yote hiyo ni mikataba ya ajira. Mwandishi wa programu aliyesaini miaka miwili anastahili siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, likizo ya ugonjwa inayofika siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, na michango ya hifadhi ya jamii, sawasawa na jirani yake wa meza aliyeajiriwa kwa kudumu. Kanuni za kazi za mwaka 2017 ziliongeza kwamba mkataba wa muda maalumu wa mwanataaluma usiwe chini ya miezi 12, kwa hiyo anayesainishwa miezi mitatu mitatu ana haki ya kuuliza msingi wa utaratibu huo.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nami naliona kuwa la msingi kuliko yote. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinasema kwamba mwajiri anaweza kuuvunja mkataba wa muda maalumu kabla ya tarehe yake pale tu mfanyakazi anapokiuka masharti kwa kiwango kikubwa. Pasipo ukiukaji huo, pande zote mbili lazima zikubaliane. Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, katika maamuzi kadhaa imeamuru aliyeachishwa kinyume cha utaratibu huo alipwe mishahara ya muda uliobaki. Mtu aliyeondolewa bila sababu mwezi wa nne wa mkataba wa miezi 24 anaweza basi kuwa na dai zito kuliko la mwenzake wa kudumu. Ndiyo maana kifungu cha kusitisha mkataba kwa notisi, ambacho waajiri wengi hukichomeka katika kurasa za mwisho, kinapaswa kusomwa kabla ya kusomwa mshahara.

Dhana: Mkataba hukupa uhuru wa kuondoka utakapo

Kanuni hiyohiyo inamfunga na mfanyakazi. Mwenye ajira ya kudumu anayelipwa kwa mwezi anaweza kuacha kazi kwa notisi isiyopungua siku 28, ilhali aliyesaini muda maalumu ameahidi kuutumikia wote, isipokuwa mwajiri amekiuka masharti kwa kiwango kikubwa au wamekubaliana kuachana. Katika fani ambayo ofa nzuri huweza kuja wakati wowote, ahadi ya miaka mitatu ni kifungo kizito kuliko inavyoonekana siku ya kusaini.

Dhana: Ukishapata ajira ya kudumu umemaliza

Ajira hiyo huitwa ya kudumu kwa sababu haina tarehe ya mwisho, wala si kwa sababu haiwezi kuisha. Sheria inamtaka mwajiri awe na sababu halali, iwe ni mwenendo wa mfanyakazi, uwezo wake au mahitaji ya uendeshaji, kisha afuate utaratibu wa haki. Hiyo sababu ya tatu ndiyo inayowagusa watu wa TEHAMA. Mfumo mpya ukinunuliwa, kitengo kikihamishiwa makao makuu ya nje, au kazi ya seva ikipelekwa kwa kampuni ya wingu, yaani inayokodisha seva zake kupitia intaneti, mwajiri anaweza kupunguza wafanyakazi kihalali iwapo ametoa taarifa, ameeleza sababu na ameshauriana nao. Kampuni tajiri kuliko zote zimefanya hivyo: Meta, inayomiliki Facebook, ilitangaza kuwaondoa watu 11,000 Novemba 2022, na Januari 2023 Google ikatangaza 12,000 na Microsoft 10,000.

Malipo ya kuachishwa nayo hukadiriwa kupita kiasi. Kiwango cha chini cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, na hesabu husimama kwenye miaka kumi. Aliyefanya kazi miaka mitano atapata siku 35, ambazo hazifiki mishahara miwili. Nchini Kenya kiwango cha chini kwa anayepunguzwa kazi ni siku 15 kwa kila mwaka, zaidi ya maradufu. Aidha, mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri wake halindwi na vifungu vya kuachishwa isivyo haki vya sheria ya Tanzania, hata kama barua yake ina neno la kudumu kwa herufi kubwa.

Dhana: Mkataba ukihuishwa mara kadhaa unageuka wa kudumu

Haugeuki kwa kuhesabu mara. Kwa kawaida mkataba wa muda maalumu huisha wenyewe tarehe yake ikifika, na mwajiri halazimiki kutoa sababu ya kutouhuisha. Hata hivyo, kifungu cha 36 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinahesabu kuwa ni kuachishwa kazi pale mwajiri anapokataa kuuhuisha ilhali mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba utahuishwa. Matarajio hayo huthibitishwa kwa maandishi na matendo. Barua pepe ya meneja inayokupangia majukumu ya mwaka ujao ina uzito. Maneno matamu ya kwenye korido hayana. Ukiendelea kufanya kazi baada ya tarehe kupita, na mwajiri akaendelea kukulipa, kanuni zinaruhusu mkataba uchukuliwe kuwa umehuishwa iwapo mazingira yanaunga mkono hilo, kwa hiyo andika kumbukumbu ya siku hizo na utunze hati za mshahara.

Dhana: Ukiitwa mkandarasi, sheria ya kazi haikuhusu

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu hudhaniwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba wake umeitwaje, iwapo ipo hata moja kati ya hali zilizotajwa humo, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hali hizo ni pamoja na kuelekezwa jinsi ya kufanya kazi, kupangiwa saa, kuwa sehemu ya taasisi, kumfanyia kazi mwajiri au mteja huyohuyo kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kumtegemea kiuchumi, kupewa vitendea kazi, na kumhudumia yeye peke yake. Hebu mtazame msimamizi wa mtandao anayeingia ofisini saa mbili asubuhi, anayetumia kompyuta ya kampuni na anwani ya barua pepe ya kampuni, anayeomba ruhusa akitaka kwenda msibani, na ambaye kila mwisho wa mwezi huandika ankara kwa sababu tu ameambiwa aiandike. Huyo anaweza kuwa na hali zote saba.

Suala hili halikuanzia kwetu. Microsoft ilitumia kwa miaka mingi wafanyakazi iliowaita huru, waliofanya kazi bega kwa bega na waajiriwa. Mamlaka ya kodi ya Marekani ikaamua kwamba kimsingi walikuwa waajiriwa, wafanyakazi wakafungua kesi kudai mafao, na mwaka 2000 kampuni ikakubali kuimaliza kwa dola milioni 97. Huko Nairobi, zaidi ya wasimamizi 180 wa maudhui ya Facebook walioajiriwa kupitia kampuni ya kati waliishtaki Meta yenyewe, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba kampuni hiyo inaweza kushtakiwa nchini humo. Uamuzi huo ulihusu mamlaka ya mahakama tu, haukuwapa ushindi wa madai, lakini ulifunga hoja kwamba anayenufaika na kazi hawezi kuguswa kwa kuwa yuko mbali.

Anayetaka kudai Tanzania asichelewe: mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na wengi hupoteza haki zao wakiwa bado wanabembelezana na ofisi ya rasilimali watu.

Dhana: Mkataba unalipa zaidi

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Mtu anapewa ajira yenye mshahara wa shilingi 3,000,000, au mkataba wa huduma wa shilingi 3,900,000 kwa mwezi. Kwa haraka, wa pili unamzidi wa kwanza kwa asilimia 30. Sasa tuhesabu mwaka. Mshahara unafika 36,000,000, na pale ambapo mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) wa asilimia 20 umegawanywa nusu kwa nusu, mwajiri huweka 3,600,000 nyingine, jumla 39,600,000, huku mfanyakazi akiwa amepumzika siku 28 na akiugua bado analipwa. Mtoa huduma akikaa miezi miwili bila kazi kati ya mradi na mradi, jambo la kawaida kabisa, anaandika ankara kumi zenye thamani ya 39,000,000. Humo bado hajatoa kompyuta, intaneti, leseni za programu, mhasibu, bima ya afya na akiba ya uzeeni. Ziada yote imeyeyuka, na amepungukiwa.

Hesabu hiyo haisemi mkataba ni mbaya. Mwenye wateja watatu wanaopishana, asiyekaa bila kazi hata mwezi mmoja, na anayejua kutoza, anaweza kumpita mwajiriwa mbali sana. Ninachosisitiza ni kwamba bei ya mtoa huduma haianzi kwenye mshahara wa mwenzake na kuongezwa kidogo, bali huanzia kwenye gharama za mwaka mzima, kisha zinagawanywa kwa miezi ambayo ana uhakika wa kulipwa.

Akiba ya uzeeni inastahili neno lake. Pensheni ya NSSF hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Aliyejiajiri anaruhusiwa kujiunga na kuchangia mwenyewe, lakini hakuna atakayemkata kabla pesa haijafika mkononi, na nidhamu hiyo ni ngumu mwezi ambao mteja amechelewesha malipo.

Dhana: Ile asilimia 5 iliyokatwa ndiyo kodi yangu

Mteja wa Tanzania anayemlipa mkaazi kwa huduma za kitaalamu hukata kodi ya zuio ya asilimia 5. Kwenye ankara ya 3,900,000 hiyo ni 195,000. Kiasi hicho ni malipo ya awali tu. Mwisho wa mwaka mtoa huduma hukokotoa kodi ya mapato kwa faida yake, hutoa kilichokwisha kukatwa, na hulipa kinachobaki. Dai cheti cha zuio kwa kila malipo, maana bila cheti utaulizwa kodi ambayo ulishakatwa.

Dhana: Nilichokiandika ni changu kwa kuwa sikuwa mwajiriwa

Kwa Kenya jibu ni karibu kinyume cha dhana hii: kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki kinahamishia hakimiliki kwa aliyeagiza kazi, kama vile kinavyoihamishia kwa mwajiri, isipokuwa makubaliano yaseme vinginevyo. Popote ulipo, mtoa huduma mwenye maktaba yake ya msimbo, yaani mkusanyiko wa vipande vya programu alivyoviandika mwenyewe, anayoitumia kwa wateja tofauti aitaje kwa jina katika mkataba na aandike kwamba mteja anapata ruhusa ya kuitumia, si umiliki. Kwa mteja wa ng'ambo, ambaye mkataba wake mara nyingi huchagua sheria na mahakama za kwao, kwenda kudai dola elfu mbili huko kutagharimu kuliko deni lenyewe, kwa hiyo omba malipo ya awali, gawa kazi katika vipande vya wiki mbili, na ukabidhi kipande kinachofuata pale tu cha nyuma kimelipwa.