Kadi nene kwenye kasha jembamba

"Fundi, hii CPU inajizima kila nikifika katikati ya kutoa video." Kijana alikuja ameibana kwapani. Wateja wangu wengi huita boksi zima CPU, jina ambalo ni la prosesa tu, na nimeshaacha kuwasahihisha. Ilikuwa mashine ya mtumba, yale makasha membamba yanayotoka maofisini Ulaya, na ndani yake alikuwa amechomeka mwenyewe kadi ya picha, GTX 1650 ya kishikio kifupi. Anahariri video za harusi.

Nilipoifungua nikakuta kitu kimepungua: ile kava nyeusi ya plastiki inayofunika feni ya prosesa. "Niliitoa, ilikuwa inanibana nikichomeka kadi." Wengi huiona pambo, kumbe ndiyo njia ya hewa. Feni inavuta hewa kutoka mbele, kava inailazimisha ipite kwenye mapezi ya hitisinki, kile chuma kinachonyonya joto la prosesa, kisha itokee nyuma. Bila kava, feni inazungusha hewa ileile ya moto. Halafu kadi fupi nyingi hazitoi joto nje, zinalipuliza humohumo ndani. Na hapa Dar, chumba kisicho na AC mchana kinafika nyuzi 31, kwa hiyo hata hewa inayoingia si ya kutegemea sana.

Nikachukua kava ya mashine iliyokufa, nikabadilisha na pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki, maana ya zamani ilikuwa imekauka kama chaki. Prosesa ikashuka kutoka nyuzi 97 hadi 76. Ikajizima tena.

Hapo nikashika kalamu. Chukua Dell OptiPlex 7050 SFF, kasha jembamba kama hilo, kwa mfano: pawa saplai yake ni wati 180. Prosesa ya i5-7500 ni wati 65, kadi kama ile ni wati 75, ambazo ndizo kikomo cha sloti yenyewe. Zinabaki 40 kwa diski, RAM, feni na bodi. Kwenye karatasi inatosha. Pawa saplai iliyozeeka huku ikivuta hewa ya moto, mimi siiamini. Na huwezi kuweka ya ATX, ile ya makasha makubwa ya kawaida: haliingii umbo wala soketi.

Akauliza, basi niweke kadi ndogo? GT 1030 inakula wati 30 tu, lakini haina kisimbaji cha video, sehemu inayobana video wakati wa kuitoa. RX 6400 nayo haina, tena inatumia njia nne tu za PCIe, yaani za kupitisha data kati ya kadi na bodi. Kwenye bodi ya PCIe 3.0, toleo la zamani la polepole, inapumulia mrija.

Kichekesho ni kwamba i5-7500 ina kisimbaji chake ndani, Quick Sync, na mashine yake ilikuwa na prosesa hiyohiyo. Nikaichomoa kadi, nikawasha Quick Sync kwenye programu yake, tukatoa harusi ya dakika 40 huku tunakunywa chai. Haikuzima. Kadi ameiuza, akanunua RAM.