Sanduku Kubwa Haliwezi Kuziba Ramani Inayovuja

Juma lililopita kijana mmoja ninayemfundisha kutengeneza ramani za michezo ya video alinijia hapa Mombasa, kompyuta ikiwa kwapani, akaniambia kwa furaha: "Mwalimu, ile ramani yangu haivuji tena. Nimeizungushia sanduku." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kiasi kwamba sasa naona ni lazima niyajibu kwa maandishi.

Katika injini, yaani programu zinazoendesha michezo, zilizotokana na ile ya mchezo wa Quake wa mwaka 1996, zikiwemo ya Half-Life ya 1998 na Source ya 2004, ramani huanza ikiwa utupu, na kila ukuta ni brashi, yaani kipande kigumu tulichokiweka sisi wenyewe. Unreal ya 1998 ilikwenda kinyume: dunia yake huanza ikiwa jiwe zima, mjenzi akalichimba, na kwa hiyo mvujo wa aina hii haukuwepo. Kwetu sisi, kompaila, programu inayoigeuza ramani kuwa faili la mchezo, huanzia pale ilipo kila entiti (kitu kilichowekwa ndani ya ramani, kama taa au mchezaji), ikaenea kutoka sehemu moja ya uwazi hadi nyingine mpaka izuiwe na brashi. Ikifika nje, inatangaza kwamba ramani imevuja, na hesabu ya mwonekano, ya kujua sehemu zipi huonekana kutoka zipi, haifanyiki. Isipofika, kila sehemu ambayo haikuguswa huhesabiwa kuwa jiwe, na nyuso za kuta zinazoielekea hutupwa.

Sanduku, yaani kuta kubwa zinazoizunguka ramani nzima ili kompaila isifike nje, linaharibu jambo hilo hilo la mwisho. Ramani iliyozibwa vizuri ukiizungushia sanduku haidhuriki, kwa sababu nafasi iliyo kati ya sanduku na kuta haina entiti, na kompaila huigeuza kuwa jiwe. Lakini ramani yenye ufa hupitisha mweneo huo hadi nje ya kuta, na nafasi yote ile hubaki kuwa sehemu halali ya mchezo. Migongo ya kuta, ambayo mchezaji hataiona maisha yake yote, inahifadhiwa, inapakwa mwanga na kula nafasi ya faili, na uwanja mkubwa ulio wazi unaongeza kazi ya hesabu ya mwonekano maradufu. Ujumbe wa kosa umenyamazishwa, ufa uko palepale. Fundi wa jahazi akikuta maji ndani ya chombo hutafuta ubao ulioachana, akaukalafati kwa pamba na mafuta. Hajengi jahazi la pili la kulibebea la kwanza.

Wengine hufuta entiti iliyotajwa kwenye ujumbe wa mvujo. Entiti hiyo haina hatia, isipokuwa imewekwa nje ya kuta au kitovu chake kimezama kwenye utupu. Ukiifuta, kompaila itaitaja nyingine.

Kinachoziba ni brashi ya kawaida ya dunia peke yake. Mlango hauzibi, wala modeli, wala maji, wala ardhi ya mabonde iliyofinyangwa, wala brashi iliyogeuzwa kuwa func_detail (pambo lisilohesabiwa katika mwonekano), hata kama kwa macho ni ukuta mnene. Kwa hiyo unapofungua faili la nukta, ambalo kompaila huliandika kuonyesha njia ya mvujo, na kuona mstari mwekundu ukipenya ukuta uliodhani ni mzima, usiulaumu mstari; uulize ukuta huo ni wa aina gani. Ufuate tangu kwenye entiti hadi pale unapotoka nje kwa mara ya kwanza.

Ugumu wa kweli uko kwenye kuta za mshazari. Ukizungusha brashi kwa pembe isiyo ya mraba, ncha zake kwa kawaida huacha gridi (mistari ya vipimo ya kuchorea) na kukadiriwa, na ufa mdogo kuliko uniti moja, kipimo cha ramani, hauonekani dirishani. Nakiri kwamba mara nyingine nimeweka brashi iliyonyooka nyuma ya kona kama hiyo na mvujo ukakoma, nami nikabaki na shaka kama nimetengeneza au nimefunika tu. Hata hivyo brashi moja nyuma ya kona ninayoijua si sanduku juu ya ramani nzima.

Kijana wangu alikuwa akijenga ngome kwa mfano wa Fort Jesus, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, na buruji zake za mshazari alizizungusha kwa jicho bila gridi. Tuliliondoa sanduku, tukakompaili, na mstari ukatoka kwenye taa ya chumba cha walinzi, ukapita uani, ukatokea pale buruji ya pili inapokutana na sakafu. Tuliijenga upya kona ile kwa kuvuta ncha zake kwenye gridi, moja baada ya nyingine, tukakompaili tena. Hesabu ya mwonekano, ambayo jana yake ilianza alasiri na kuisha magharibi, safari hii ilimalizika kabla chai yake haijapoa.