"Fundi, limeacha lenyewe"

Wiki hii nimeambiwa tena. Mwenye nyumba kanipigia mvua ikinyesha kwamba paa lake linavuja, tukapanga siku, na siku ilipofika akasema, "Usijisumbue fundi, limeacha lenyewe." Kwenye simu nilimjibu kwa adabu. Hapa nitajaribu.

Paa halina ngozi. Tundu la msumari likishafunguka halijifungi. Kilichoacha ni tone kuonekana, basi. Mara nyingi ni upepo tu: mvua ile ya kwanza ilikuja ya kuchapa, ikasukuma maji chini ya kofia, lile bati la kufunika kilele cha paa, na hii ya juzi imeanguka wima. Mara nyingine vumbi na majani vimeziba kwa muda. Na mara nyingine, jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia, maji yanaingia vilevile ila yamepata njia nyingine. Yanatambaa chini ya bati, yanashika papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, yanateremka na kenchi, fremu ya mbao inayobeba paa, yanaishia ndani ya ukuta. Mbao ndiyo inayokunywa kwanza. Wewe huko chini unaletewa mabaki.

Ndiyo maana hunikera mtu anaponyoosha kidole kwenye dari na kusema, "Linavujia hapa." Hapo ndipo linapodondokea! Tundu linaweza kuwa mita tatu kutoka hapo, kwa upande wa juu wa mteremko. Doa lina habari nyingine, ukilisoma: duara ndani ya duara, na kila ukingo wa kahawia kwa kawaida ni safari moja ya kulowa na kukauka. Juzi nilihesabu matano kwenye dari ambayo mwenyewe aliniapia imelowa mara moja tu.

Tundu lenyewe halina muujiza. Bati hutanuka juani na kusinyaa usiku. Bati la chuma la mita 6, joto lake likipanda nyuzi 40, hurefuka karibu milimita 3. Msumari umeng'ang'ania mbao, hauendi popote, kwa hiyo tundu ndilo linalopanuka, na mpira wa washa, kile kisahani kilicho chini ya kichwa cha msumari, ukiwa umekwisha kukakamaa hupasuka. Ukiniita mapema nang'oa msumari, naweka skrubu nene kidogo yenye washa mpya, nashuka. Ukichelewa, zinki inayolikinga bati imeisha kuzunguka tundu, kutu inatafuna, na skrubu haina pa kuuma kwa sababu papi imekuwa sifongo. Kuvu wa kuozesha mbao wanahitaji unyevu wa asilimia 20 na kitu hivi, na papi iliyobanwa chini ya bati, juu yake pana vumbi, haikauki upesi kama unavyodhani. Hapo tunafungua bati, tunakata papi, na tunaomba kenchi iwe salama.

Silikoni inayonuka siki msiipake kwenye bati. Asidi yake inakula zinki. Lami kila mahali nayo hapana, inaziba hata pale maji yanapotakiwa kutokea. Doa likiwa karibu na taa, zima umeme kwanza, tutabishana baadaye.

Sasa niseme na yangu. Si kila tone ni paa kuvuja. Usiku bati hupoa, mvuke uliopanda kutoka ndani hugeuka maji chini yake, asubuhi dari imelowa na mvua haijanyesha. Niliwahi kubadilisha misumari ya upande mzima kwa tatizo la namna hiyo, na likaendelea. Nililipwa, na hadi leo naona haya. Na hata paa linalovuja kweli silipatii kila mara. Namwaga maji kwa mpira kuanzia chini nikipanda, kipande kwa kipande, mwenzangu akiwa darini na tochi, lakini lipo paa lililonishinda mara mbili. Wala sijui kukwambia papi iliyolowa itadumu muda gani. Nachoma bisibisi, ikizama, papi inatoka. Isipozama, nabahatisha kama wewe, ila mimi nabahatishia juu.

Yule wa wiki hii nilimwomba jambo moja: mvua ikinyesha achungulie darini na tochi, amulike mbao. Jana usiku kanitumia picha ya papi tatu nyeusi, zinang'aa maji. Hakuandika neno. Jumamosi napanda.