Namba tano wa mguu wa kushoto: Branthwaite alivyopikwa

Katika viwanja vyetu, mtoto akishaonekana anapiga kwa kushoto hatima yake imeandikwa. Ana mbio? Namba kumi na moja, winga. Hana? Namba tatu, beki wa pembeni. Hakuna anayemuuliza. Nafundisha vijana, kazi yangu kubwa ikiwa mabeki, na nakiri nimewahi kuwafanyia hivyo wengi. Mwaka huu nina kijana wa miaka 15, mrefu kama mnazi, mguu wa kushoto, niliyemkuta anasota pembeni kwa sababu hiyo tu. Nimemhamishia kati, namba tano, yaani beki wa kati. Akiniuliza, "Kocha, nimtazame nani?" namtajia Jarrad Branthwaite wa Everton, klabu ya Ligi Kuu ya England.

Wengi walimjua kupitia tetesi za usajili, majira ya joto ya 2024, Manchester United walipomtaka na Everton wakakataa. Mambo ya bei nawaachia wenye kazi yao. Mimi navutiwa na njia aliyopita, kwa sababu ina kona ambazo beki wa kati anazihitaji na ambazo klabu nyingi zinaogopa kumpitisha mtoto wao.

Alizaliwa Carlisle, Juni 2002. Ukifungua ramani ya England, Carlisle iko kule juu kaskazini-magharibi, ukisogea kidogo tu umeingia Scotland. Ni mkoa wa Cumbria, nchi ya milima, maziwa na kondoo, mbali na London ambako maskauti wanapishana kila kona. Hata hivyo makipa Dean Henderson na James Trafford nao walipita kwenye akademi ya Carlisle United wakiwa wadogo, kisha wakachukuliwa mapema kwenda klabu za Manchester. Branthwaite hakuchukuliwa mapema. Alibaki nyumbani, na kwangu mimi hiyo ndiyo bahati yake ya kwanza.

Msimu wa 2019/20, akiwa na miaka 17, tayari alikuwa anacheza kikosi cha kwanza cha Carlisle kwenye League Two, daraja la nne. Watu wanaidharau ligi hiyo. Kwa beki ni shule ambayo akademi ya fedha nyingi haiwezi kuijenga. Kwenye mechi za akademi, mtoto anamkaba mtoto mwenzake, wote wamefundishwa mpira mzuri, na wakifungwa wanapanda basi kurudi kula chakula kilichopimwa na mtaalamu wa lishe. League Two unamkaba baba wa watoto wawili mwenye miaka 33, ambaye bonasi ya ushindi inaingia kwenye kodi ya nyumba. Mpira mrefu unakuja, anakuwekea mgongo, kiwiko kinakugusa mbavuni refa akiwa anaangalia pengine, na mpira wa pili unaangukia miguuni pa mwenzake. Hapo unajifunza kuruka mapema na kutumia mikono bila kupigiwa filimbi. Tena unajifunza kwamba kuna siku pasi nzuri kuliko zote ni kuupiga mpira jukwaani.

Januari 2020, dirisha dogo la usajili, Everton wakamchukua kwa ada iliyotajwa kuwa kama pauni milioni 1. Julai mwaka huohuo kocha Carlo Ancelotti akampa mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, akitokea benchi dhidi ya Wolves. Walifungwa 3-0, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona. Fikiria mtoto wa miaka 18 anaingia Ligi Kuu na hakuna hata mtu mmoja wa kumpigia makofi. Mwanzo wa 2021 akapelekwa Blackburn Rovers kwa mkopo wa nusu msimu, daraja la pili, kwa kocha Tony Mowbray. Sitakaa sana Blackburn. Ilikuwa ngazi ya kukanyaga na kupita.

Sasa turudi kwenye mguu wa kushoto, maana hapa ndipo makocha wenzangu huniuliza sana.

Beki wa kati anayesimama upande wa kushoto huku akitumia mguu wa kulia ana tatizo dogo lisiloonekana kwenye televisheni. Mpira ukimfikia kutoka kwa kipa, anaupokea kwa mguu wa ndani, ule ulio karibu na katikati ya uwanja, na huko ndiko mshambuliaji anakotokea. Akitaka kupiga kwenda pembeni, lazima auguse tena ili aupange. Ule mguso wa ziada ndio mshambuliaji anaoungoja. Timu zinazokaba kwa presha zimejengwa juu ya miguso ya namna hiyo: wanakuachia upokee, halafu wanakufuata ukiwa umeinamisha kichwa.

Mwenye mguu wa kushoto anaupokea kwa mguu wa nje. Mwili umefunguka, macho yanaona uwanja mzima, na kati ya mpira na mshambuliaji kuna mwili wake mwenyewe. Tena kuna jambo la mkunjo. Pasi ya kuambaa na chaki, mstari wa pembeni, ikipigwa kwa ndani ya mguu wa kulia kutoka upande huo, mpira unajikunja kwenda nje. Winga anaukimbilia na unamtoroka, inakuwa mpira wa kurusha wa adui. Ikipigwa kwa kushoto, mpira unajikunja kuingia uwanjani, unamngoja winga mbele yake. Hili huwaonyesha vijana kwa kandambili mbili na mpira mmoja. Naweka ndala moja kwenye chaki, nyingine mita ishirini mbele, namwambia wa kulia apige, kisha wa kushoto. Baada ya mipira mitano hakuna tena ubishi.

Ndiyo maana mabeki wa namna hii wanatafutwa kwa tochi. Weka juu yake urefu wa mita 1.95 na mbio za kumkimbiza winga, utaelewa kwa nini simu za Everton zilikuwa zinaita.

Lakini kabla ya simu hizo kulikuwa na msimu wa 2021/22, na huo nataka tuutazame kwa karibu, kwa sababu ndani yake kuna mechi mbili ambazo kijana mmoja anaweza kuzibeba maisha yote.

Ya kwanza ni Stamford Bridge, tarehe 16 Desemba 2021. Everton ya Rafael Benítez ilikwenda kwa Chelsea ikiwa imejaa majeruhi na wagonjwa, ikapanga waliokuwepo. Mason Mount akafunga dakika ya 70. Dakika nne baadaye Anthony Gordon akapiga faulo, mpira uliokufa kama tunavyouita, na Branthwaite akafika nguzo ya mbali akausindikiza wavuni. Sare 1-1. Miaka 19, bao lake la kwanza Everton, kwenye uwanja wa mabingwa wa Ulaya wa wakati ule.

Ya pili ni Goodison Park, uwanja wa nyumbani wa Everton wakati ule, tarehe 15 Mei 2022. Everton, sasa chini ya Frank Lampard, wanachungulia kaburi la kushuka daraja, wanacheza na Brentford, wanaongoza 1-0. Dakika ya 18 Ivan Toney anachomoka kuelekea golini, Branthwaite akiwa mtu wa mwisho, anamwangusha. Kadi nyekundu. Everton wakafungwa 3-2. Niliiangalia kwenye kibanda umiza, na nyuma yangu jamaa mmoja akasema, "Huyu dogo wameshamuua." Sikumbishia. Niliwahi kutolewa mimi mwenyewe dakika ya 20 katika fainali ya mkoa, kosa lilelile, na najua unavyotembea kuelekea vyumbani ukiwa huna pa kuangalia.

Kosa lenyewe halianzii kwenye kumwangusha. Beki akifika mahali pa kuchagua kati ya kumvuta mtu na kumwacha akafunge, kosa lilishatokea sekunde tatu nyuma, wakati mpira ulipokuwa bado mguuni kwa mpigaji. Alipaswa kuwa ameshageuza nyonga na kurudi hatua mbili. Hilo hulisomi kwenye kitabu wala halifundishwi kwa kupiga kelele ukingoni mwa uwanja. Linaingia kwa mechi nyingi, wiki baada ya wiki, nyuma yako pakiwa wazi.

Siku nne baadaye Everton walitoka nyuma kwa mabao mawili, wakawafunga Crystal Palace 3-2 na kubaki Ligi Kuu. Branthwaite hakuwemo, adhabu ilimweka nje.

Majira hayo klabu ikafanya jambo la akili: ikampeleka PSV Eindhoven kwa mkopo wa msimu mzima. Angeweza kurudi daraja la pili England, akapiga vichwa mechi arobaini na akarudi vilevile alivyokuwa, na misuli zaidi. Uholanzi ni somo jingine. Timu kubwa ya kule inapanda juu, inashika mpira, na mabeki wawili wanaachwa karibu na mstari wa kati na nusu ya uwanja tupu mgongoni mwao. Lile la sekunde tatu nyuma unalifanya kila Jumapili. Kocha alikuwa Ruud van Nistelrooy, mshambuliaji aliyeishi kwa kuwaadhibu mabeki waliochelewa kugeuza nyonga. Sijui kama kuna mwalimu bora kwa beki kuliko mwizi mstaafu.

PSV wakamaliza wa pili nyuma ya Feyenoord na kuchukua Kombe la Uholanzi, wakiwatoa Ajax kwa penalti katika fainali ya Aprili 2023. Kiangazi hicho akaenda na England ya chini ya miaka 21 kwenye Euro iliyochezwa Georgia na Romania. England walichukua ubingwa bila kuruhusu bao hata moja, yule Trafford wa Cumbria akiokoa penalti ya Hispania dakika za majeruhi kwenye fainali. Branthwaite hakuwa chaguo la kwanza. Pale kati walikuwa Levi Colwill na Taylor Harwood-Bellis. Kombe la Ulaya mkononi, na bado uko foleni.

Foleni ilimngoja hata Everton. Siku ya kufungua msimu wa 2023/24, kocha Sean Dyche alianza na James Tarkowski na Michael Keane. Wiki chache baadaye nafasi ikawa ya kijana, na haikurudi tena kwa mtu. Tarkowski ni kitasa wa kizamani, anaingiza kichwa mahali wengine wanaogopa kuingiza mguu. Pacha wake akawa huyu mrefu mwenye mbio za kufunika nyuma. Dyche alitaka timu ikae chini, ibanane, izuie krosi. Mafunzo ya League Two yakarudi kazini, na pale timu ilipopanda, ya Eindhoven yakajibu. Watu wanauliza alibadilika lini. Mimi nasema hakubadilika, alijumlisha.

Kwa takwimu: mechi 35 za ligi, mabao 3. Everton waliruhusu mabao 51, na timu tatu tu ziliruhusu machache zaidi: Arsenal, Manchester City na Liverpool. Timu hiyohiyo ilifunga 40 tu na kunyang'anywa pointi 8 kwa kuvunja kanuni za fedha. Ilikatwa pointi 10 mwezi Novemba, zikapunguzwa kuwa 6 mwezi Februari, zikaongezwa 2 mwezi Aprili, mpaka mashabiki wakawa wanahesabu kama wauza duka. Walimaliza wa 15. Bila ukuta ule wangekuwa wanahesabu wakiwa daraja la pili.

Katika mabao yale matatu kuna moja la dakika za majeruhi la kusawazisha na Tottenham, 2-2. Kuna jingine Brighton. La tatu ni la dabi na majirani zao Liverpool, tarehe 24 Aprili 2024. Goodison haikuwa imemfunga Liverpool tangu Oktoba 2010. Dakika ya 27 mpira ukazagaa kwenye boksi, ukamwangukia, akapiga chini kwa kushoto, ukapenya kwa kipa Alisson. Si bao zuri. Linafaa kuoneshwa kwa vijana kwa sababu hiyohiyo: hakuutengeneza, hakuugusa mara mbili. Dominic Calvert-Lewin akaongeza, 2-0.

Juni 3 akaichezea England mara ya kwanza, akitokea benchi dhidi ya Bosnia kwenye uwanja wa Newcastle. Siku chache baadaye kocha wa England, Gareth Southgate, akapunguza kikosi cha Euro kutoka 33 hadi 26, na jina lake likakatwa. Nilikasirika. England walikuwa wanakwenda Ujerumani wakiwa na upungufu wa mabeki wa kushoto, Luke Shaw akiwa hajapona vizuri, halafu unamwacha mtu aliyecheza msimu mzima upande huo. Southgate alikuwa na hesabu zake. Mimi nina zangu.

Kijana wangu nilimwonyesha ile kadi nyekundu kabla ya bao la Liverpool. Aliitazama mara mbili, akaniuliza, "Sasa kocha, hapo angefanyaje?" Tukatoka uwanjani, nikampigia mipira mirefu arobaini mgongoni mpaka giza likaingia. Jumamosi anaanza namba tano. Mama yake ameshanipigia simu kuuliza kwa nini nimemtoa mwanawe kwenye nafasi yake.