Kifungo cha Nje si Kuachiliwa: Yanayosemwa Mombasa Kuhusu Probesheni, na Ukweli Wake

Hakimu anapotamka "kifungo cha nje", watu waliojaa viti vya nyuma husikia neno moja tu, nalo ni "nje". Mama wa mshtakiwa humshukuru Mungu kwa sauti, mlalamishi huinuka akatoka kwa hasira, na kabla ya adhuhuri habari imeshafika Kisauni kwamba kijana ameachiliwa. Hakuachiliwa. Amewekwa chini ya amri ya mahakama, na amri hiyo inaweza kumrudisha kizimbani wakati wowote mpaka muda wake uishe. Nimelijua hili kwa karibu, kwa kuwa kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nikimsindikiza mpwa wangu kuripoti kwa afisa wa probesheni, na nimeona jinsi maneno ya mtaani yanavyoweza kumwangusha mtu ambaye sheria imempa nafasi ya kusimama.

"Amesamehewa, kesi imekwisha"

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine zote. Sheria ya Probesheni, Sura ya 64 ya Sheria za Kenya, yenye asili yake katika mwaka wa 1943, inasema kwamba mahakama ikisharidhika kuwa kosa limethibitishwa, inaweza kumweka mkosaji chini ya uangalizi wa afisa wa probesheni kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3. Kabla ya kufanya hivyo, mahakama inatakiwa kumweleza mkosaji kwa lugha nyepesi maana ya amri hiyo, na kwamba akikiuka masharti au akitenda kosa jingine atakuwa hatarini kuhukumiwa kwa kosa lile lile la kwanza. Kisha yeye mwenyewe aseme kuwa yuko tayari kuyafuata masharti. Asipokubali, amri haitolewi. Hakuna msamaha unaoombewa ridhaa ya kubanwa namna hiyo.

Mkanganyiko unatokana kwa sehemu kubwa na neno lenyewe. Sisi huita "kifungo cha nje" mambo matatu yaliyo tofauti. La kwanza ni probesheni, ambayo mara nyingi katika mahakama za chini hutolewa bila hata mtu kutiwa hatiani rasmi, na shabaha yake ni kumsimamia na kumrekebisha. La pili ni huduma kwa jamii, iliyowekwa na sheria ya 1998, ambapo mkosaji ambaye angefungwa miaka 3 au chini ya hapo hufanya kazi ya umma bila malipo: kukarabati barabara, kupanda miti, kutunza shule au hospitali ya serikali. La tatu ni kifungo kilichoahirishwa, ambacho hukumu yake ya jela, isiyozidi miaka 2, imekwisha kutolewa ila utekelezaji wake umesimamishwa kwa masharti. Familia isiyojua mtu wao amepewa lipi kati ya haya haiwezi kumsaidia, kwa hiyo jambo la kwanza kumwuliza wakili au karani wa mahakama ni jina kamili la amri, muda wake, na masharti yaliyoandikwa ndani yake. Sisi tulikaa wiki nzima tukidhani kijana wetu angepangiwa kufagia soko, kumbe hakuwa amepewa huduma kwa jamii hata kidogo.

"Ni kwenda kutia sahihi tu"

Siku ya kwanza nami nilidhani hivyo. Niliketi kwenye benchi nikitarajia atoke baada ya dakika mbili. Alikaa humo karibu saa nzima, akatoka kimya, na tulipofika kwenye kituo cha matatu ndipo aliponiambia maswali aliyoulizwa: analala wapi na nani, anaamka saa ngapi, fedha ya jana aliipata wapi, rafiki aliyekamatwa naye yuko wapi sasa, mara ya mwisho kuvuta unga, yaani heroini, ilikuwa lini. Hili la mwisho hakuwa amemwambia mtu yeyote nyumbani.

Kusaini ni sehemu ndogo ya kazi. Afisa hupima kwanza uwezekano wa mtu kurudia kosa na mambo yanayomsukuma huko, iwe ni ukosefu wa kazi, ulevi, marafiki au ugomvi wa nyumbani, kisha hupanga ni mara ngapi aonane naye. Mwenye hatari kubwa huitwa mara kwa mara. Anayetulia hupunguziwa siku za kuripoti, na akiendelea vizuri sana, mahakama inaweza kuombwa kuifuta amri kabla ya muda wake. Afisa pia hutoka ofisini. Wa mpwa wangu alimfuata sokoni Kongowea bila kutoa taarifa, akamkuta amebeba gunia la viazi mgongoni, akangoja alitue, wakazungumza wakiwa wamesimama kando ya lori. Kijana alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na furaha ambayo sikuielewa mara moja: mtu wa serikali alikuwa amemkuta anafanya kazi.

Katika mji wetu suala la unga haliwezi kuachwa nje ya mazungumzo haya. Wizi mwingi mdogo mdogo, wa simu, wa vyuma, wa nguo kwenye kamba, hufanywa na vijana wanaotafuta fedha ya kuzuia arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga, na kumwambia mtu wa aina hiyo "acha" peke yake ni sawa na kumwambia aliye na homa apoe. Ndiyo maana usimamizi mzuri humwelekeza kwenye ushauri nasaha na matibabu, ikiwamo dawa ya methadoni, ambayo mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu wa afya. Wengine wanasema hiyo ni kumpa mlevi dawa nyingine ya kulevya. Siwalaumu, kwa kuwa nami niliwahi kusema hivyo, lakini methadoni ni dawa inayotolewa kwa kipimo kilichodhibitiwa, inaondoa maumivu ya kuacha unga, na inampa mtu asubuhi iliyo tulivu kiasi cha kumwezesha kwenda kazini.

Upande wa riziki nao umo. Idara ya Probesheni huwaunganisha baadhi ya wasimamiwa na mafunzo ya ufundi, na wengine husaidiwa vifaa vya kuanzia kazi. Kwa wale ambao nyumba yao yenyewe ndiyo chanzo cha matatizo, idara ina hosteli zake, na mojawapo iko hapa hapa Shanzu. Na kwa kuwa maafisa ni wachache na mitaa ni mingi, wapo pia wasaidizi wa kujitolea kutoka katika jamii, watu wanaoujua mtaa na kujulikana nao. Hawa, kwa maoni yangu, ndio wanaostahili kuheshimiwa zaidi kuliko wanavyoheshimiwa, maana huitwa wasaliti na jirani zao kwa kazi isiyokuwa na mshahara.

"Ripoti nzuri hununuliwa"

Kabla ya hukumu, hakimu huagiza ripoti ya afisa wa probesheni. Afisa huenda nyumbani, huzungumza na wazazi, chifu au naibu wake, mzee wa mtaa, mwajiri ikiwa yupo, na aliyetendewa kosa, kisha huandika aliyoyakuta na pendekezo lake. Tulipokuwa tukiingoja ripoti hiyo, mtu mmoja aliyezoeleka kwenye viambaza vya mahakama moja alinivuta kando akaniambia kwamba kwa shilingi elfu tano ripoti "ingenyooka". Dada yangu alikuwa tayari kwenda kuweka rehani cherehani yake. Tulikataa, si kwa ujasiri, bali kwa sababu hatukuwa nazo siku hiyo, na ripoti ikaja nzuri bila senti moja.

Huduma hii haina ada yoyote: si kwa ripoti, si kwa kuripoti, si kwa kutembelewa nyumbani. Tena ripoti si hukumu. Ni msaada kwa mahakama, na hakimu anaweza kusoma pendekezo la probesheni akaamua jela, au kinyume chake. Anayeuza ripoti kwa hiyo anauza kitu ambacho hata yeye hana. Anayedaiwa fedha ana mahali pa kupeleka malalamiko, kuanzia kwa msimamizi wa ofisi yenyewe hadi Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi.

"Aliyeumizwa hana neno"

Hasira ya mlalamishi anayetoka mahakamani bila kuelewa kilichoamuliwa ni ya haki, na nisingependa kuipuuza. Hata hivyo sheria ya kuwalinda waathiriwa ya 2014 inampa nafasi ya kueleza namna kosa lilivyomwathiri, na afisa anayeandaa ripoti hutakiwa kumsikiliza. Kwa kesi yetu, mwenye duka aliyeibiwa alisema wazi kwamba hataki kijana afungwe, anataka arudishiwe mali yake na asimwone akirandaranda mlangoni pake usiku. Maneno hayo yalisomwa mbele ya hakimu. Angeweza pia kusema asisamehewe asilani, nayo yangesomwa.

"Ni ya wezi wa kuku, tena wenye watu"

Kosa ambalo adhabu yake imekwisha kupangwa na sheria, kama vile mauaji ya kukusudia kwa namna sheria ilivyoandikwa, halimo katika mamlaka ya probesheni. Lakini nje ya hayo mlango ni mpana kuliko inavyodhaniwa, na Mahakama Kuu ya Kenya imewahi kuwaweka chini ya probesheni watu waliokiri kuua bila kukusudia, baada ya kutazama mazingira ya tukio. Kinachoangaliwa si kujuana na wakubwa, ni umri, tabia, afya ya mwili na akili, hali ya nyumbani, aina ya kosa na mambo yanayolipunguzia uzito.

"Twende kwa gavana"

Hapa watu hupotezewa muda bure, wakidhani kaunti ndiyo inayoendesha probesheni. Kwetu, Katiba ya 2010 imeiacha kazi ya urekebishaji wa wahalifu kwa serikali ya kitaifa, pamoja na polisi na mahakama. Mwakilishi wa wadi hana uwezo wa kuongeza wala kupunguza siku moja ya amri.

"Huruhusiwi kutoka Mombasa"

Hii ndiyo iliyokaribia kumharibia mpwa wangu. Mwezi wa kumi na moja alipata kazi ya jikoni katika hoteli moja huko Diani, kaunti ya Kwale, na wazee wa nyumbani, kwa nia njema kabisa, wakamshauri aende kimya kimya, maana "ukiwaambia watakuzuia". Amri ya probesheni hutaja eneo ambalo mtu anasimamiwa, na kuhama bila kumjulisha afisa ni kukiuka masharti: mahakama inaweza kumwita au kutoa hati ya kumkamata, na kutegemea uzito wa jambo, ikamtoza faini na amri ikaendelea, au ikamhukumu kwa kosa la awali. Lakini kuhama kwa sababu ya kazi, ukiwa umesema, si kosa. Mahakama hurekebisha amri ikataja eneo jipya, na faili huhamia kwa afisa wa huko.

Alikwenda kusema, mikono ikimtetemeka. Afisa alimwuliza jina la hoteli na tarehe ya kuanza, akaandika, akamwambia arudi Alhamisi. Miezi saba iliyobaki aliripoti upande wa Kwale, akivuka feri ya Likoni siku za mapumziko tu, kuja kumwona mama yake.