Kipimo cha HPV bila ya kupanda kitandani

Nianze na kitanda maana ndo kinachowakimbiza watu. Mie ni mkunga, nipo kitengo cha afya ya uzazi miaka mingi sasa, na nikiwauliza kinamama mbona hamji kupima saratani ya shingo ya kizazi hawanambii nauli wala kazi nyingi, wananambia kile kitanda. Upande juu, miguu itanuliwe, taa imulikwe, kisha mtu atie kile chuma cha kupanulia uke, na huyo mtu mwenyewe pengine mtoto wa jirani yako maana visiwa hivi vyetu vya Zanzibar vidogo tunajuana. Mwanamke ambae hata mumewe anazima taa, leo umwambie nini?

Sasa kwa kipimo cha HPV, kirusi kinacholeta saratani hiyo, habari imebadilika. Unaweza kuchukua sampuli mwenyewe, nyuma ya pazia, nguo zako mwilini.

Kwanza tufahamiane hapa. Saratani ya shingo ya kizazi karibu yote inatokana na kirusi kinachoitwa HPV, na aina mbili tu, namba 16 na 18, ndo zinabeba kama asilimia 70 ya ugonjwa wenyewe. Bwana mmoja Mjerumani, Harald zur Hausen, ndie alieifichua hii habari miaka ya 80 na 2008 akapewa Nobel. Huku kwetu tumezoea kipimo cha siki, nesi anapaka siki kwenye shingo ya kizazi anasubiri kama dakika moja anaangalia pamegeuka peupe au la. Siki ni rahisi na unatibiwa siku hiyohiyo, siibezi hata kidogo, lakini inategemea jicho la mtu, na kwa bibi aliekwishakata hedhi ile sehemu yenyewe huwa imeshaingia ndani haionekani vizuri. Kipimo cha HPV hakiangalii kwa jicho, mashine inatafuta vinasaba vya kirusi. Ndo maana Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2021 wakasema hichi kiwe cha mwanzo pale kinapopatikana. Na kwa vile kirusi kinapatikana hata kwenye majimaji ya ukeni, si lazima mtu aifikie shingo yenyewe kwa chuma.

Kijiti chake kama kile cha kusafishia masikio lakini kirefu na laini zaidi. Unachutama au unaweka mguu mmoja juu ya kiti, unakitia taratibu mpaka ukihisi kinagusa, usilazimishe, unakizungusha mara kadhaa kama maelezo yalivyoandikwa, unakitoa, unakitia kwenye kichupa chake unafunga. Siku za hedhi uache mpaka ukauke. Nilikuwa kijiji kimoja cha Micheweni, Pemba, na kinamama wa mwani, nimeshika kijiti natoa somo, bibi mmoja nyuma akauliza "na kikinipotelea huko ndani?" watu wakacheka lakini nilijua nusu ya ukumbi walikuwa na suali hilohilo. Hakipotei. Juu kumefungwa na hiyo shingo yenyewe, tundu lake dogo mno kijiti hakipiti, na mkia wake umeushika wewe. Akaenda nyuma ya pazia, hata uji haujapoa karudi, ananambia "ndo basi?"

Kuna na mkojo. Huu bado haujafika pahala pa kijiti katika miongozo lakini tafiti za nchi mbalimbali zinaonesha ukichukuliwa vizuri jibu lake linakaribiana. Shida ni hapo kwenye "vizuri" kwa sababu tumeshawafundisha watu kinyume. Ukipimwa U.T.I. tunakwambia mwaga wa mwanzo, kinga wa katikati, tena ujioshe kwanza. Kwa HPV ni wa mwanzo kabisa ndo unaotakiwa, maana ule ndo unaopita na kukokota zile seli, na usijioshe kabla, istinja iwe baada ya kukinga. Ukikaa saa moja au mbili hujaenda haja ndogo ndo vizuri zaidi. Ukikosea hapa utapewa jibu safi la uongo.

Ramadhani naulizwa sana kuhusu kijiti. Kwa vile wengi wetu huku ni Shafii na kuingiza kitu kule kunafunguza, nakwambia fanya usiku baada ya futari au ngoja Mfunguo Mosi, ugonjwa huu unachukua miaka 15 mpaka 20 kukua kwa mtu mwenye kinga nzima, wiki nne hazikuharibii kitu.

Sasa jibu. Jibu chanya si saratani jamani, narudia tena, si saratani. Kirusi hichi wengi tunakipata na mara nyingi mwili unakifuta wenyewe ndani ya mwaka au miwili. Wala si ushahidi wa kuwa mume katoka nje au wewe umetoka, kinaweza kukaa kimya miaka na miaka, pengine tangu ndoa ya mwanzo. Talaka kwa karatasi ya maabara ni ujinga, na mie nimeshaona mtu anairarua asiionyeshe nyumbani.

Ila ukiwa chanya hapo kitanda hakikwepeki, sitokudanganya. Shingo itaangaliwa, kukiwa na mabadiliko hapo panaunguzwa, dakika chache unarudi kwako. Kinachonikera mie ni majibu kulala kwenye faili kwa sababu namba iliyoandikwa ni ya mume na mume hapokei. Andikisha namba unayoishika mwenyewe, au ya dada yako.

Kinamama waanze lini kupima? Miaka 30, kisha kila miaka 5 hadi 10. Mwenye VVU aanze 25, kila miaka 3 hadi 5, maana hatari yake ni mara sita. Watoto wa kike wa miaka 9 mpaka 14 wao ni sindano ya chanjo tu. Kijiti hakipo kila kituo, uliza, kisipokuwepo kubali siki usirudi bure.

Na anaetokwa damu baada ya tendo, au kakata hedhi miaka kisha damu imerudi, au uchafu wenye harufu hauishi, huyu asingoje kijiti wala mkojo. Wanaovuka bahari kwenda kupigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, wengi walianza hivyo hivyo wakanyamaza. Yeye namuomba apande kitanda hichohicho, tena wiki hii.